Afande Asiye na Pingu

Nasia Taimanglo alirudi kutoka kazini na shati jipya mwilini, na mama mkwe wake, Tan Chong, akasimama katikati ya mlango asimpishe.

"Umekuja kumkamata nani?"

"Mama, ni mimi."

"Naona ni wewe. Nakuuliza umekuja kumkamata nani."

Hakuwa na utani. Uani kwa jirani, wanaume waliokuwa wakicheza karata chini ya paa la bati walikuwa wameanza kuinuka mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka ghafla ana shughuli. Miaka yote aliyofanya ukaguzi wa abiria pale uwanja wa ndege wa kisiwa cha Guam, Nasia alikuwa akipita mbele ya uga huo na shati lake jeupe lenye nembo ya kushonwa, na hakukosekana mtu wa kumwita aonje mbavu za kuchoma. Leo shati lilikuwa la buluu iliyokolea, na kifuani upande wa kushoto ilining'inia beji ya chuma iliyong'aa kama kijiko kipya. Hakuna aliyemwita.

"Ni sare tu," alisema. "Wakaguzi wote tumepewa. Wakubwa wanasema abiria hawatuheshimu."

"Na sasa watawaheshimu?"

"Wakituogopa kidogo inatosha, Mama."

Tan Chong alimtazama juu hadi chini, kisha akampisha. "Livue kabla hujakaa mezani kwangu."

Jumapili ile shemeji yake Goro alikuja kula. Goro, mdogo wa mumewe, alikuwa polisi kweli, polisi wa uwanja huohuo wa ndege, na mwili wake ulikuwa umejaa mlangoni kama kabati. Alipoliona lile shati limetundikwa kwenye kamba likikauka, alisimama wima akapiga saluti.

"Afande! Naomba ruhusa nikae."

"Kaa ule, Goro."

"Pingu ziko wapi, afande?"

"Sina."

"Bastola?"

"Goro, wali unapoa."

"Sasa ukimwona mhalifu utamfanyaje?"

"Nitawaita nyinyi."

"Aa! Basi wewe ni kengele," alisema Goro akijipakulia wali mwekundu. "Kengele yenye beji."

Meza nzima ilicheka. Hata Felis, mume wa Nasia, fundi wa mabasi ya shule, mtu ambaye kicheko chake kilikuwa cha kupimwa, alicheka mpaka akapaliwa na pilipili. Nasia alicheka nao, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nyinyi mnacheka," alisema. "Mwezi uliopita mwanamume mzima alinirushia viatu usoni. Mwingine akaniita mpekua chupi mbele ya mwanawe. Juzi huyohuyo wa chupi kapita tena, kaiona beji, kasema, 'Samahani, bibie.' Samahani! Goro, wewe hujawahi kurushiwa viatu."

Goro aliacha kucheka. Akautafuna mfupa, akafikiri.

"Sijawahi," alikubali. "Lakini sikiliza, shemeji. Mtu akikuona na kile kitu anadhani yeye ni mhalifu. Na ukikivaa siku nyingi, na wewe utamdhania hivyohivyo."

"Mbona wewe umekivaa tangu ujanani?"

"Ndiyo maana nakuambia."

*

Msimamizi wao mpya, Bwana Pruitt, alikuwa ametoka bara, Marekani kwenyewe, na alizungumza na wakaguzi kila asubuhi kabla zamu haijaanza. Hakuwa mtu mkali. Aliwaletea keki. Lakini maneno yake yalikuwa yaleyale: sauti itoke tumboni, miguu iachane, usitangulize tabasamu. Kila anayekuja mbele yako ana kitu anachokificha, mpaka uhakikishe hana.

"Na jambo jingine," alisema siku moja. "Nimeona baadhi yenu mnawainamia abiria na kunusa mikono yao."

Wakaguzi walitazamana. Mmoja akakohoa.

"Ni wazee wetu, bwana," Nasia alisema. "Ukikutana na mzee unaupokea mkono wake, unaugusisha puani. Ni salamu. Usipofanya, ni kama umemtemea mate."

"Naelewa, naelewa. Nyumbani fanyeni. Hapa langoni, mtu mwenye beji hainamii abiria. Ukishamwinamia, utamwamuruje?"

Wengi walinung'unika siku ile na kesho yake wakatii. Nasia naye akatii. Na lililomshangaza ni jinsi utii ulivyokuwa mwepesi. Ilitosha kutazama pembeni. Baada ya siku chache akaanza kuona vitu ambavyo zamani hakuvijali: mama anayetabasamu kupita kiasi, kijana anayejifuta jasho chini ya kipoza hewa, mzee anayeushika mfuko wake kwa mikono miwili. Kisiwa ambacho kila mtu ni ndugu wa mtu kikajaa watu asiowajua.

Jicho lile halikubaki kazini. Jioni moja Felis alitoka kuoga akamkuta mkewe amelifungua begi lake la kazini. Ndani mlikuwa na spana, soksi moja, na nusu ya mkate.

"Umepoteza nini?" Felis aliuliza.

"Natafuta... kalamu."

Felis alichukua kalamu iliyokuwa mezani mbele yake, akampa, akaenda zake. Tangu siku hiyo alianza kulala na begi upande wake wa kitanda, na Nasia akaanza kujiuliza kwa nini.

*

Tun Lencho Quinata, Tun kwa wazee wa kiume kama Tan kwa wazee wa kike, alikuwa kaka mkubwa wa Tan Chong, mjomba wa Felis na Goro. Sikio moja lilikuwa limekufa, na kooni kulikuwa na saratani. Hospitali ya kisiwani ilikuwa imefanya ilichoweza. Sasa alikuwa anakwenda Honolulu, anakoishi binti yake, kupigwa mionzi. Familia ilimsindikiza mpaka pale ambapo wasiosafiri hawaruhusiwi, na Tan Chong akamwambia kaka yake kwa sauti ya kulifikia sikio lake zima, "Usiogope, Nasia yuko zamu. Utapita kwa mtu wako."

Mzee alipita mashine ya eksirei na kikapu chake kidogo. Ndani mlikuwa na chupa ya dawa ya majani aliyochemshiwa na mganga wa kijijini, imefungwa kwa kitambaa na mpira. Nasia aliiona kwenye kioo cha mashine, akajua kitu cha majimaji kama kile hakiruhusiwi kupita.

Mzee mwenyewe alisimamishwa kwenye lango la kupimia chuma. Likalia. Akarudishwa, akavua mkanda. Likalia tena. Ilikuwa medali ya Mama Maria aliyoivaa shingoni tangu vita, ila hakuna aliyemuuliza. Alisimama na soksi, akiishika suruali kwa mkono wa kushoto isimwanguke, foleni nyuma yake ikishusha pumzi kwa hasira. Ndipo alipomwona mke wa mpwa wake amesimama upande wa pili, miguu imeachana. Uso wake wote ukafunguka.

Akavuka lango, likalia mara ya tatu, akamwendea amenyoosha mkono wa kulia, kiganja chini, kama mzee anavyoutoa mkono upokelewe.

Nasia alijua ule ni mkono wa nini. Baadaye, kila alipojaribu kujidanganya, alirudi hapohapo: alijua. Lakini Bwana Pruitt alikuwa amesimama kando, akitazama. Nasia akarudi hatua moja.

"Mzee, rudi nyuma."

Mzee hakusikia. Alidhani Nasia hajamwona. Akausogeza mkono karibu zaidi, juu zaidi, karibu na uso wake, na vidole vikaigusa beji.

"Rudi nyuma! Usiniguse!"

Sauti ilitoka tumboni, kama alivyofundishwa. Hata yeye ilimshtua.

Marcel Rengiil, kijana aliyekuwa zamu naye, aliruka kutoka upande wa pili. Akaushika ule mkono, akaupinda mgongoni, na mzee akaenda chini kifudifudi. Suruali ikateremka hadi mapajani. Meno ya bandia ya juu yakamtoka mdomoni, yakateleza sakafuni mpaka kwenye miguu ya mwanamke mtalii, naye akapiga ukelele akarudi nyuma. Kisha ukumbi wote ukawa kimya, isipokuwa mzee aliyekuwa akisema kwa mdomo mtupu, "Ni mimi. Ni mimi Lencho."

Polisi waliitwa. Aliyekuja alikuwa Goro.

Goro hakuuliza kitu kwanza. Alipiga magoti, akampandisha mjomba wake suruali, akamketisha. Akaenda kuyaokota yale meno, akayafuta kwa leso yake mwenyewe, akamrudishia huku ameuweka mgongo wake mpana kati ya mzee na macho ya watu. Alipokwisha akaupokea mkono wa mzee, ule uliopindwa, akaugusisha puani. Na sare yake, na bastola yake kiunoni, mbele ya watu wote.

"Mtu huyu amemshambulia ofisa," Bwana Pruitt alisema.

"Ofisa gani?"

Pruitt akamwonyesha Nasia.

Goro alimtazama shemeji yake. Ulikuwa mtazamo wa kazi, wa mtu anayekariri sura.

"Ofisa hapa ni mimi, bwana," alisema. "Huyu amevaa tu."

Ndege ya Honolulu iliondoka bila Tun Lencho.

*

"Ni yule Marcel," Nasia alisema nyumbani jioni ile. "Kijana ana papara. Mimi nilimwambia mjomba arudi nyuma, basi. Marcel karuka."

Tan Chong hakuwa amekaa. Alikuwa akikata vitunguu, kisu kikigonga ubao taratibu.

"Kwa nini umwambie arudi nyuma?"

"Lango lililia, Mama."

"Akarudi?"

"Hakusikia."

"Kwa hiyo Marcel alimwangusha mtu kwa sababu hasikii."

"Ndiyo."

Felis alikuwa kwenye kiti chake, akimtazama mkewe mdomoni, si machoni. Gari likasimama nje. Goro aliingia bila kubisha, akaupokea mkono wa mama yake, akabaki amesimama.

"Nimetazama kamera," alisema.

Kisu kikanyamaza.

"Kamera hazina sauti, kwa hiyo nimewauliza abiria. Watano nimewauliza. Wote wamesema mwanamke mmoja alipiga kelele, 'Usiniguse.' Kisha yule kijana karuka." Akamgeukia Nasia. "Shemeji, palikuwa na mwanamke mwingine pale?"

Kabla Nasia hajajibu, Felis aliinuka. Hakumgombeza. Alichukua begi lake la kazini, akapita katikati yao, akaenda kukaa ndani ya gari lake bovu uani na kufunga mlango.

"Mimi nilikuuliza siku ile umekuja kumkamata nani," Tan Chong alisema bila kugeuka. "Kumbe kaka yangu."

Tangu hapo nyumba ile ikawa kama lango. Nasia akiingia jikoni, mazungumzo yanakatika. Akichukua sahani, Tan Chong anaitazama sahani mpaka irudi. Na yeye naye akawa anasimama kwenye korido akisikiliza, akijua ni aibu, akishindwa kuacha. Walikuwa wakizungumza kuhusu kesi. Mzee alikuwa anadaiwa faini ya maelfu ya dola kwa kumgusa mkaguzi kazini, na mpaka kesi iamuliwe haruhusiwi kupanda ndege. Daktari wa Honolulu alikuwa amesema uvimbe hausubiri kesi.

"Atasema nini kwenye kikao cha kuisikiliza kesi?" Nasia alimsikia Felis akiuliza.

"Atasema kilicho chake," Tan Chong alijibu. "Mshahara ni wake. Koo ni la Lencho."

*

Kabla ya kikao, Bwana Pruitt alimwita kando, akampa kahawa.

"Sikuambii useme nini," alisema. "Nakukumbusha tu. Ukisema ulihisi uko hatarini, hakuna anayeweza kupinga. Hisia ni zako. Wewe salama, Marcel salama, idara salama. Ukisema hukuwa hatarini, basi Marcel kampiga mzee bila sababu. Na wewe ndiwe uliyemchochea."

"Na mjomba wangu?"

"Mjomba wako." Alikunja uso, kana kwamba anasikia kwa mara ya kwanza. "Hukusema ni mjomba wako."

Akaiandika habari hiyo kichwani mwake, Nasia akaona kabisa akiiandika.

Nje, kwenye maegesho, Marcel alikuwa ameegemea gari lake akimsubiri. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu.

"Utaniuza, dada?"

"Sijui."

"Mimi nimekusikia ukipiga kelele. Sauti ile si ya kuchezea. Ningejuaje kama ni mjomba wako? Ningesimama niulize ukoo?" Aliacha kuegemea gari. "Kama angekuwa na kisu, leo ningekuwa shujaa wenu."

"Hakuwa na kisu, Marcel."

"Najua hakuwa nacho. Nimeushika ule mkono. Ulikuwa mwepesi kama wa mtoto." Akatazama chini. "Wewe sema unachosema. Ila usiseme nilikurupuka peke yangu."

Kwenye kikao walikuwa watu watatu nyuma ya meza, na Pruitt pembeni. Mwanamke wa katikati, mwenye miwani, ndiye aliyeuliza.

"Ofisa Taimanglo, ulihisi uko hatarini?"

Nasia alikuwa amevaa ile sare. Aliamriwa aje nayo. Aliona jinsi wale watatu walivyoitazama beji kwanza, kisha uso.

"Hapana," alisema.

Pruitt alibadilisha namna alivyokaa.

"Alikuwa ananipa mkono nimsalimie. Nilijua. Kisiwa hiki chote kinajua mkono ule."

"Kwa nini basi ulipiga kelele?"

"Nilikuwa naangaliwa." Akamtazama Pruitt. "Niliambiwa mwenye beji hainamii mtu. Nikaona aibu kuwa mke wa mpwa wa mtu mbele ya bosi wangu. Kisha yeye akaja karibu, na nikaona aibu kuonekana siwezi hata kumzuia mzee. Ndipo nikapiga kelele. Marcel aliisikia sauti ya mtu anayeuawa. Alifanya ambalo mtu angefanya. Kama kuna aliyemwangusha mzee, ni sauti yangu."

"Unafahamu unachokisema kinaweza kukugharimu kazi?"

"Nafahamu."

"Unasema haya kwa sababu ni ndugu yako?"

Swali lile alikuwa amelitarajia, na bado lilimchoma. Wasingemwamini, kumbe, hata kama angejikata mkono mbele yao. Akisema uongo ni ofisa mwema. Akisema kweli ni mkwe wa watu.

"Angekuwa si ndugu yangu," alisema, "nisingejua kama nimekosea. Hilo ndilo linalonitisha. Sijui wengine ni wangapi."

Walimsimamisha kazi mwezi mmoja bila mshahara, na baada ya hapo angepelekwa ghorofa ya chini, kwenye mizigo, ambako hakuna abiria. Marcel alipewa onyo. Faini ya mzee iliondolewa kimyakimya, bila mtu kumwomba radhi.

*

Lakini Tun Lencho alikataa kusafiri.

"Nitafia hapa," alimwambia dada yake. "Pale sipiti tena."

Goro alijaribu, Felis alijaribu, padri alijaribu. Mwishowe akaenda Nasia, peke yake, na gauni la maua. Mzee alikuwa kwenye benchi lake mbele ya nyumba kule kijijini Malesso, amemwelekezea sikio lile lililokufa. Hakuutoa mkono. Nasia hakuuomba. Alikaa chini kwenye ngazi.

"Nimekuja kuomba msamaha, mjomba."

"Sikusikii."

Akazunguka upande wa pili, akarudia. Mzee alitazama bahari, akimeza kwa taabu, kila funda likimkunja uso.

"Yale meno," alisema hatimaye. "Marehemu mke wangu hakuwahi kuniona bila meno. Watu wazima hamsini wa nchi za watu wameniona."

Nasia alisogea karibu zaidi, upande wa sikio zima.

"Nikipita pale," mzee alisema, "sipiti peke yangu. Aliyenivua aje anivishe. Mpaka Honolulu."

Nasia aliuza mkufu wake wa ndoa akanunua tiketi. Felis ndiye aliyeupeleka dukani. Walikwenda pamoja ndani ya gari na hawakusemezana njiani, lakini Felis alikuwa ameliacha begi lake nyumbani.

Siku ya safari, foleni ilikuwa ndefu. Nasia alijua kila uso uliokuwa nyuma ya mashine, na kila uso ulijifanya haumjui. Akavua viatu, akainua mikono, akapekuliwa na mwanamke waliyekuwa wakila naye mchana, naye alimpapasa kwa ukali zaidi ya ilivyopaswa, ili waonekane si marafiki. Pruitt alikuwa amesimama mahali pake. Kisha ikawa zamu ya mzee. Kwenye lango alikuwepo Marcel.

Lango likalia.

"Inua mikono, mzee, tafadhali," Marcel alisema, macho yake kwenye kifua cha mzee.

Tun Lencho hakuinua.

"Mwana wa nani wewe?"

"Mzee, mikono tafadhali."

"Nimekuuliza. Mwana wa nani?"

Watu nyuma waligunaguna. Marcel alitazama kamera darini, akamtazama Pruitt, akamtazama Nasia. Nasia alikuwa ameshika viatu vya mzee mikononi, na hakumsaidia.

"Wa Ebil," kijana alisema chini kwa chini, kama mtu anayetoa siri ya kazi. "Ebil wa Koror. Ila mimi nimezaliwa hapahapa, Dededo."

"Ebil anayeuza magimbi soko la alfajiri?"

"Ndiye."

"Namjua. Hapunguzi bei." Mzee akaiachia suruali, ambayo safari hii dada yake alikuwa ameitia kamba, akainua mikono yote miwili pole pole hadi juu ya kichwa. "Haya, pekua. Jumamosi Chong atakwenda sokoni, atamweleza mama yako ulinipekuaje."

Marcel alivuta glavu zake zikae vizuri, ingawa zilikuwa zimekaa. Mikono yake ikatua kwenye mabega ya mzee kwa uangalifu, kama anashika kitu cha udongo.

"Naweza hapa, mzee?"

"Weza."

"Na hapa?"

"Sema kwa sauti," Tun Lencho alisema. "Sikio hilo halisikii."